Akidi ya Mtaa wa Mteremko

Nchi yetu ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, lakini usiwe na wasiwasi, ipo, na inaendeshwa kwa utaratibu. Huko kwenu nasikia mvua hunyesha ikitaka. Poleni sana. Kwetu mvua hufunguliwa rasmi na Waziri wa Misimu, kwa mkasi na utepe, mbele ya bendi ya polisi. Kabla ya hapo, maji yoyote yanayodondoka kutoka juu huitwa unyevu wa awali, na raia mwema hajikingi nayo.

Mwaka wetu una misimu minne. Upo Msimu wa Kufagia, ambao tunafagia. Upo Msimu wa Chokaa, ambao tunapaka chokaa mawe ya kando ya barabara na mashina ya miti, hata miti iliyokufa, maana mgeni akipita na gari hatazami juu. Upo Msimu wa Kuzibua, ambao mitaro ya maji huzibuliwa. Halafu upo Msimu wa Kupongezana, ambao ni mrefu kuliko yote, na mara nyingi huanza kabla hiyo mingine haijaisha.

Mimi naitwa Sadoki Mbelwa, katibu wa Chama cha Wakaaji cha Mtaa wa Mteremko. Nimeshika kalamu ya chama kwa miaka tisa, kwa sababu mbili: nina mwandiko mzuri na sina ubishi. Haya nitakayowasimulia nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu. Chumvi sitatia, haki ya Mungu. Ila pale mtakapoona nimeruka mstari, mjue nilisimama kupumua.

Mtaa wetu, kama jina lake, umekaa kwenye mteremko. Nyumba ni themanini na nne, zimepangwa toka juu mpaka chini, na mtaro ni mmoja tu, unaoanzia nyumba namba moja na kumwaga maji bondeni, nyuma ya nyumba namba themanini na nne. Nyumba namba moja anakaa Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Leopodi Mkunde. Huyu aliwahi kuwa msaidizi wa msaidizi wa mkuu wa wilaya, na mpaka leo akitaka kuingia sebuleni kwake hukohoa kwanza, ili watoto wapate nafasi ya kusimama. Nyumba namba themanini na nne alikaa Mzee Kheri Tindwa na mkewe, Bi Somoe.

Mzee Kheri alikuwa fundi mwashi. Nusu ya nyumba za Mteremko zimepita mikononi mwake, na mtaro ule aliujenga yeye enzi za ujana wake. Kila mwaka, kabla mawingu hayajakusanyika, alikuwa akichukua jembe na koleo na kuuzibua ule mdomo wa chini, akiimba. Miaka miwili iliyopita kiharusi kikampiga, akawa mtu wa kulala chumba cha nyuma. Basi jembe akalichukua Bi Somoe. Yeye haimbi, lakini alichimba vizuri kuliko mumewe, na mumewe alikuwa akimwambia hivyo kupitia dirishani.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

*

Katiba ya Chama chetu, kifungu cha tisa, inasema: "Kazi ya mtaa ni ya wakaaji wote, kwa hiyo haitafanywa na yeyote mpaka wote wawe wameshirikishwa." Maneno matamu, siyo? Nayapenda mpaka leo, ndiyo maana yananiuma. Kushirikishwa maana yake ni mkutano. Mkutano maana yake ni akidi, na akidi yetu ni theluthi mbili ya kaya, yaani kaya hamsini na sita, na kila kaya iwakilishwe na mtu mzima aliyefika "kwa miguu yake mwenyewe." Hayo ya miguu yaliongezwa na Mwenyekiti mwaka ule watu walipoanza kuhudhuria kwa simu huku wako kitandani.

Sasa mkaaji mmoja wa kule juu, sitamtaja, alimwona Bi Somoe akichimba akalalamika kwa maandishi kwamba mama huyu anawanyima wenzake haki ya kushiriki. Kamati ikakaa. Tukanywa soda. Ikaamuliwa Bi Somoe apewe Onyo la Kwanza, na jembe na koleo vichukuliwe vitunzwe stoo kwa Mwenyekiti kama vielelezo. Barua niliiandika mimi, kwa wino wa bluu, nikaipeleka mwenyewe.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Nani wewe?" Sauti ya Mzee Kheri, toka chumba cha nyuma.

"Katibu."

"Aa, Katibu! Leo umekuja na karatasi gani tena? Afadhali siku moja ungekuja na koleo."

Bi Somoe akanikaribisha mpaka chumbani, akanipa kigoda. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja, akaniomba nimsomee. Nikasoma. Nilipofika kwenye mstari usemao "kosa: kushiriki peke yako," Mzee Kheri alicheka mpaka akapaliwa, mkewe ikabidi amwinue.

"Somoe," akasema akifuta machozi kwa mkono wake mzima, "kumbe unashiriki peke yako! Umeanza lini tabia hiyo, mke wangu, na mimi nimelala hapa sijui?"

"Nyamaza wewe. Mgeni hajapewa hata maji."

"Mgeni amekuja kuchukua jembe, unampa maji ya nini?" Halafu akanitazama, na kicheko kikaisha. "Sadoki, mwanangu. Mtaro huu nimeujenga mimi, naujua kama ninavyomjua huyu bibi. Mvua ya saa mbili tu ikikuta ule mdomo wa chini umeziba, maji hayana pa kwenda ila humu chumbani. Na mimi siwezi kusimama. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mzee."

"Basi kaandike."

Niliandika. Lipo katika daftari la mihtasari, ukurasa wa arobaini na moja, chini ya Mengineyo. Jembe na koleo nilivichukua begani nikapanda navyo mlima. Bi Somoe alinisindikiza mpaka kona, akaniambia niangalie mpini, una kijiti kinachochoma.

*

Mwezi uliofuata kukatangazwa Tuzo ya Mtaa Bora kwa nchi nzima. Mwenyekiti hakulala. Asubuhi alituita kamati, akatembea nasi toka juu mpaka chini, mikono nyuma, na tulipofika kwenye mtaro akasimama, akaunyooshea kidole kama mtu aliyemshika mwizi.

"Mheshimiwa jaji ataona nini hapa?"

"Mtaro, Mwenyekiti," tukajibu.

"Ataona shimo! Nchi inasonga mbele, sisi tunamwonyesha mgeni shimo! Hapana. Hapa nataka maua."

Siku ya tatu likaja gari la udongo mweusi, na wafanyakazi wa bustani kutoka mjini. Kuanzia nyumba ya sitini mpaka ya themanini na nne wakaufukia mtaro wote, wakautandika maua mekundu na ya njano. Mtauliza, na akidi je? Nami niliuliza, kwa upole. Mwenyekiti akanieleza kwamba kuzibua mtaro ni kazi ya mtaa, lakini kuufukia ni maandalizi, na maandalizi hayahitaji akidi. Nikaandika.

Bi Somoe alitoka nje kajifunga khanga kiunoni, akasimama mbele ya Mwenyekiti. Sijapata kumwona mama yule amesimama vile mbele ya mwanamume asiye mumewe.

"Mwenyekiti, shikamoo. Nauliza tu. Hayo maji yatapita wapi?"

"Marahaba. Maji gani, mama?"

"Maji ya mvua."

Mwenyekiti akatutazama sisi kamati, akatabasamu kwa huruma. "Mama yangu, msimu haujafunguliwa."

"Mungu naye amepewa hiyo taarifa?"

Watu tuliangua kicheko, kisha tukakumbuka tuko na nani, tukakohoa. Mwenyekiti aliniagiza niandike kwamba mkaaji wa nyumba themanini na nne ameonyesha dalili za kutopenda maua.

Majaji walikuja, wakapiga picha, wakala pilau. Tukashinda. Mtaa wa Mteremko ukawa wa kwanza nchi nzima kwa mandhari, tukapewa kikombe kikubwa chenye masikio mawili, ukaanza Msimu wa Kupongezana. Mwenyekiti alihutubia dakika mia na ishirini. Alisema ushindi ule ni wa wakaaji wote, hasa yeye.

*

Baada ya sherehe Bi Somoe alileta ombi: maua yaondolewe sehemu ya chini tu, kama hatua thelathini, na mtaro uzibuliwe. Alilileta kwa mdomo, nikamwandikia mimi. Mwenyekiti hakukataa. Huyu bwana hajawahi kukataa jambo maishani mwake. Alisema, "Liende kwa wananchi."

Nikaitisha mkutano. Wakaja watu kumi na mmoja. Nikaitisha wa pili, wakaja tisa, na katika hao wawili walidhani ni mazoezi ya kwaya. Msiwalaumu haraka. Watu wa Mteremko walishakuja mikutanoni miaka ya nyuma, wakakalishwa juani, wakaelezwa mambo yaliyokwisha amuliwa, wakaambiwa wapige makofi. Mtu akishirikishwa hivyo mara tano, ya sita anabaki kwake anapika maharage.

Nikajaribu kundi letu la simu. Niliandika: "Ndugu wakaaji, mtaro wa chini umeziba, Mzee Kheri yuko hatarini, tufike Jumamosi." Majibu yakamiminika mpaka simu ikapata moto. Sabini na moja walijibu "Tuko pamoja." Wengine waliweka mikono ya kuomba dua. Mmoja alitangaza anauza friji. Jumamosi ilipofika nilikaa peke yangu na Bi Somoe, viti themanini na viwili vitupu.

"Labda wamechelewa," nikamwambia.

"Labda." Akavitazama vile viti. "Mwanangu, si mniazime tu hilo jembe langu? Nitachimba alfajiri, kabla hawajaamka."

"Ni kielelezo, Bi Somoe."

"Haya."

Aliomba na kwa majirani. Lakini habari za Onyo la Kwanza zilishaenea, na nani atamwazima jembe mtuhumiwa? Walimwambia limekatika mpini, limepelekwa shamba, lina wenyewe.

Sasa nisemeje hili lingine. Nyumbani kwangu lilikuwepo jembe. Liliegemea ukuta wa jikoni, nikilipita kila asubuhi nikienda kuoga. Kutoka kwangu mpaka mdomo wa mtaro ni mwendo wa dakika nne. Ningeweza kushuka nalo siku yoyote. Sikushuka. Naliandika hili kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

*

Ilikuwa Alhamisi, siku kumi na moja kabla ya Waziri kukata utepe. Saa saba mchana mbingu zilifunga, na saa saba na robo zikafunguka. Sijapata kuona maji ya namna ile. Redio ilisema ni unyevu wa awali, mkubwa kiasi, na wananchi waendelee na shughuli zao. Halafu umeme ukakatika, redio nayo ikanyamaza.

Mwenyekiti aliitisha mkutano wa dharura chini ya turubai uwanjani kwake, nikapita na kipaza sauti cha mkono nikilowa. Na safari hii, jamani, watu walikuja! Woga uliwaleta, na umeme uliokatika, maana hawakuwa na la kutazama. Walikuja na miamvuli, na mifuko ya plastiki kichwani, na karai. Nikahesabu. Hamsini na tano. Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili. Hamsini na tano. Mara ya tatu nilishika mtu mmoja mmoja begani. Hamsini na tano.

"Imebaki kaya moja," nikamwambia Mwenyekiti, na moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha. Wallahi, furaha. Miaka tisa sijawahi kufika karibu vile.

"Nani hajafika?"

"Wengi wako makazini. Aliyepo karibu ni Bi Somoe."

"Mwenye ombi lake mwenyewe hajafika? Kamlete!"

Nikateremka mbio. Kufika nyumba ya sabini, barabara ilikuwa mto. Maua yalikuwa yamesimama palepale, maji yamepanda juu yake yakigeukia kushoto, kwenye ua wa Bi Somoe, kama alivyosema mzee. Ndani maji yalinifika magotini. Niliweka daftari kifuani, ndani ya shati, lisilowe.

Bi Somoe alikuwa chumba cha nyuma. Alikuwa amepandisha kitanda juu ya matofali, mawili kila mguu, sijui kwa nguvu gani. Maji yalishafika kwenye matendegu. Alikuwa amemshika mumewe mabega kwa nyuma, anajaribu kumwinua, anamshusha, anajaribu tena. Mzee Kheri alikuwa mtu mkubwa, na upande mmoja wa mwili haumsaidii.

"Sadoki! Mungu amekuleta. Shika miguu!"

Nyie mnaosoma, mngeshika miguu. Najua mngeshika. Mimi nilisema hivi, na maneno nayakumbuka yote: "Bi Somoe, mkutano umebakiza kaya moja tu. Panda nami dakika mbili utie saini, watashuka wote, watu hamsini na tano, na majembe."

Alinitazama kama haelewi Kiswahili. "Nimwache?"

"Dakika mbili."

"Sadoki, shika miguu, baba. Mimi na wewe tutamfikisha barazani kwa jirani."

Mzee Kheri akacheka. Ndiyo, alicheka, maji yamefika kitandani. "Mwache aende, Somoe. Kijana ana kazi ya watu. Katibu, kawaambie nimehudhuria. Kwa kitanda changu."

Niliwaza haraka, na niliona nimewaza vizuri. Nikabaki, tuko wawili. Nikienda, nitarudi na hamsini na tano. Hesabu ilikuwa upande wangu. Nikageuka nikapanda mlima, mkono kifuani, nimelishika daftari.

*

"Yuko wapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Hawezi kuja, Mwenyekiti, nyumba imejaa maji, anamshikilia mumewe. Lakini Mzee Kheri amesema naye ahesabiwe. Anasema amehudhuria."

Pakawa na minong'ono. Mwenyekiti akainua Katiba, akavaa miwani.

"Amefika kwa miguu yake mwenyewe?"

"Amepooza, Mwenyekiti."

"Swali langu ni jepesi, Katibu."

"Hapana."

"Basi kifungu kiko wazi. Mimi ningetaka, moyo wangu ungetaka. Lakini leo tukimhesabu aliyelala, kesho tutamhesabu nani?"

Mwalimu mmoja mstaafu akasimama, akapendekeza kifungu kirekebishwe papo hapo. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango uliosheheni, akamkumbusha kwamba marekebisho ya Katiba yanahitaji akidi. Mwingine akashauri kaya kubwa yenye watu kumi na wawili igawanywe iwe mbili. Ikaundwa kamati ndogo kuchunguza. Mwingine akauliza kama mke mdogo ni kaya. Hapo wanaume walichangamka. Mimi niliandika yote, maji yakinitiririka toka kwenye nywele, na kila nilipotazama bondeni mkono uliandika kwa kasi zaidi. Dakika arobaini zilipita hivyo. Watu hamsini na tano, wazima wa miguu.

Aliyevunja kikao ni Mama Chausiku wa nyumba ya thelathini na moja, anayeuza maandazi. Mwanamke huyu hajasema neno mkutanoni tangu ahamie.

"Hivi nyie mna akili timamu?" akasema. Hakupiga kelele. "Mtu anakufa maji pale chini, nyie mnahesabu vichwa?"

"Mama, omba nafasi kwanza."

"Nafasi kaombe wewe kwa Mungu!" Akatupa mwamvuli, akakimbia.

Nikaandika: ametoka bila ruhusa, waliobaki hamsini na nne. Mwenyekiti alishika kichwa. "Mnaona sasa? Tunazidi kupungua!" Lakini wawili wakamfuata yule mama, kisha watano, kisha turubai lote likamwagika mlimani, miamvuli na karai, nami nikiwa wa mwisho.

Tulipofika, ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka nje na maji yote yametoka kwa mkupuo, yamezoa udongo na maua mpaka bondeni. Mtaro ulikuwa mweupe, umezibuka kama siku ulipojengwa, bila akidi. Bi Somoe alikuwa ameketi kwenye matope chumbani, amemshika mumewe mabega vilevile, kwa nyuma, kichwa cha mzee kimemlalia kifuani. Alikuwa bado anajaribu kumwinua. Mama Chausiku ndiye aliyemwambia, "Basi, dada. Basi. Ameshakwenda."

Nililia. Nalisema hapa kwa sababu kwenye muhtasari halimo.

*

Tulimzika kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa. Na nawaambieni, watu walikuja. Hakuna aliyekuwa kazini, hakuna aliyesafiri, hakuna aliyekuwa na maharage jikoni. Walibeba jeneza kwa kupokezana, kila mtu akitaka bega lake liguse. Tuliporudi toka makaburini tukakaa chini ya turubai mbele ya nyumba themanini na nne, ile iliyobaki na kuta tatu. Wanawake walikuwa nyumba ya jirani wakipika na wengine wakimsomea marehemu. Mwenyekiti alikuwa amekaa kiti cha mbele. Nikamwona anageuka taratibu, anatazama nyuma, midomo inacheza.

"Sadoki," akaninong'oneza, "hebu hesabu."

"Mwenyekiti, huu ni msiba."

"Hesabu."

Nikahesabu. Ninyi semeni mnavyotaka kuhusu mimi, lakini nilihesabu. Kaya themanini na nne kati ya themanini na nne.

Mwenyekiti akasimama, akakohoa, na watu kwa mazoea wakasimama naye. "Ndugu wafiwa, ndugu wakaaji. Marehemu alikuwa mtu wa watu. Katika uhai wake alitamani kuona mtaa huu umekusanyika. Leo ametukusanya. Kwa mamlaka niliyopewa natangaza kwamba akidi imetimia." Wachache walipiga makofi, kisha wakaacha. "Ajenda ni moja: kuzibua mtaro wa chini. Wanaoafiki?"

Mikono ilipanda yote. Mingine ilikuwa na udongo wa kaburini.

Ikapitishwa kwa kauli moja. Ikaamuliwa pia kwamba kazi itaanza mara tu Waziri atakapokata utepe, na kwamba marehemu apewe cheti cha Mkaaji Mshiriki, daraja la kwanza. Hakuna aliyesema kwamba mtaro ule ulikuwa umeshazibuka. Ulikuwa hapo nyuma yetu, tunausikia unavyopitisha maji.

"Sasa," akasema Mwenyekiti, "kabla ya kufunga, mfiwa kama ana neno tumsikilize."

Bi Somoe alitokea mlangoni, kajitanda kaniki nyeusi, mkono mmoja ameshika kizingiti. Macho yalikuwa makavu. Alisalimu, tukaitikia.

"Nashukuru mmekuja," akasema. "Mmekuja wengi. Mimi nilitaka watu wawili tu."

Mwenyekiti akainamisha sikio. "Wawili wa kazi gani, mama?"

"Lipo godoro la marehemu humo ndani. Limenyonya maji, siliwezi peke yangu. Majirani wamenipa mengine, Mungu awalipe, lakini mimi nataka kulalia lile. Wawili wanisaidie kulitoa nje lipate jua."

Mwenyekiti alifungua Katiba, akafunika, akafungua tena. "Mama, hilo ni ombi zito, na linagusa mtu binafsi. Nadhani tuliweke kwenye mkutano ujao, wajumbe wapate muda wa kulitafakari." Na wale watu wote, ambao muda mfupi tu nyuma walipigania bega la jeneza, wakatazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze, kwa kuogopa kushiriki peke yake.

Nilifunga daftari. Sikuweka alama nilipofikia. Nilisimama, na miguu ilikuwa mizito, maana nilijua Bi Somoe ananitazama na anajua ni miguu gani hii. Mama Chausiku alikuwa ameshatoka jikoni kwa jirani, anafuta mikono kwenye khanga.

Chumbani ukuta wa nne haukuwepo, jua lilikuwa linaingia. Mama Chausiku alishika upande wa kichwa. Mimi nilishika upande wa miguu. Lilikuwa zito, jamani, sijui niwaambieje, lilikuwa na uzito wa mtu. Nilitaka kumwomba Bi Somoe radhi, nikaacha. Maji yalinitiririkia viganjani mpaka viwikoni. Bi Somoe alitangulia mbele yetu akiondoa matofali njiani, anageuka kila hatua kuangalia tunavyobeba, na kwenye kizingiti akanyoosha mkono akaushika ule upande uliokuwa unataka kugonga ukuta.

"Taratibu, wanangu," akatuambia. "Taratibu. Ubavu huo unamuuma."